Mirathi Kwanza, Ukaazi wa Ughaibuni Baadaye

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, baadhi ya familia za Bukoba na Muleba zimetuuliza: je, yafaa kuuza kibanja cha wazee ili kununua nyumba Dubai na kupata ukaazi huko?

Twasema: kununua nyumba ni halali, na kusafiri kutafuta riziki hakukukatazwa. Lakini yapo mambo matatu ya kupimwa kabla ya kutia saini.

Kwanza, tufahamu kinachonunuliwa. Dubai, mwenye nyumba ya thamani isiyopungua dirham milioni 2, takriban dola 545,000, huweza kupewa ukaazi wa miaka 10 unaoweza kuhuishwa. Huo si uraia, bali ni ruhusa iliyofungamana na mali. Nyumba ikiuzwa, msingi wa ruhusa umeondoka. Tena sheria za nchi hubadilika. Ureno iliiondoa njia ya ukaazi kwa kununua nyumba mwaka 2023, na Hispania ikaifunga Aprili 2025.

Pili, tuulize mali ni ya nani. Bei ya kibanja kimoja haikaribii kiasi hicho, na hapo ndipo kaka mkubwa hushawishika kukusanya mali za ndugu wote. Kibanja si migomba na kahawa tu. Ndimo yalimo makaburi ya wazazi, na ndimo anamokula mama mjane. Sura ya An-Nisaa, aya ya 7, imethibitisha fungu la wanaume na fungu la wanawake, mali iwe chache au nyingi. Basi ikiwa mirathi haijagawanywa, kaka hana haki ya kuuza fungu la dada yake, wala kunyamaza kwa dada mbele ya ukoo si ridhaa. Hata mahakama zetu zililiona hilo. Mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory lililotoka huku Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi inakwenda kinyume na Katiba.

Mgawanyo ukishafanyika, kila mmoja ana hiari na fungu lake. Na palipo na ubia usiogawanywa, Mtume (S.A.W.) amefundisha shufaa: mbia apewe nafasi ya kununua kabla ya mtu wa nje.

Tatu, tutazame njia ya fedha. Atakayejaza pengo kwa mkopo wa riba ameingia katika haramu kwa jambo lisilo la dharura. Na anayeuziwa nyumba ambayo bado ni michoro ajihadhari. Sheria ya Dubai Namba 8 ya mwaka 2007 inataka fedha za wanunuzi wa nyumba hizo ziwekwe katika akaunti maalumu ya amana ya mradi. Dalali anayetaka zitumwe kwenye akaunti yake binafsi, tumwepuke.

Kwa hiyo, aliye na ziada baada ya kutimiza haki za watu, na anunue. Lakini kumwondoa mama kwenye kibanja kinachomlisha, kwa ajili ya kibali cha miaka 10, hatuoni kuwa ni uangalizi mwema wa amana.

Wabillahi tawfiq.