Kamina: moto wa mwezi wa 9 unachoma chakula cha mwezi wa 12

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa 8, moshi unafunika pori linalozunguka Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Mwindaji anawasha moto ili wanyama watoke mafichoni. Mlimaji anasafisha shamba. Mchomaji wa makala anaacha tanuru lake bila mlinzi. Wakaaji wengi wanasema si neno, nyasi zitaota tena mvua ikinyesha. Ni kweli, nyasi zitaota. Lakini si kila chenye uhai kinarudi pamoja nazo.

Pori hilo ni sehemu ya miombo, msitu mkubwa unaoenea toka Katanga hadi Zambia, Angola na Tanzania. Miti yake haingoji mvua: inatoa majani mapya, mara nyingi mekundu, mwezi wa 9 na wa 10, wakati udongo ungali mkavu. Vipepeo vya usiku vinataga mayai juu ya miti hiyo, na viwavi wanaozaliwa wanakula majani hayo. Ndio viwavi ambao akina mama wanawauza kwa kopo sokoni, na ambao katika nyumba nyingi wanakuwa mboga ya bukari pale nyama inapokuwa ghali. Moto ukipita wakati huo, majani na mayai vinateketea pamoja.

Uyoga nao una mambo yake. Aina nyingi za uyoga wa miombo zimeshikana na mizizi ya miti iliyo hai: mti unaulisha uyoga sukari, uyoga unauletea mti maji na chumvi za udongo. Mti ukikatwa ili kuwa makala, uyoga wake unakufa njaa chini ya ardhi. Mwaka unaofuata, mama anarudi mahali pale pale na kitunga kitupu.

Wengine watajibu kwamba makala yanalipa karo ya watoto, na kwamba bila umeme wa kutosha muji hauwezi kupika. Wana haki. Kukataza makala kwa karatasi tu hakutasaidia mtu. Lakini kuna mambo mawili yasiyohitaji feza nyingi.

La kwanza ni tarehe ya moto. Mwezi wa 5 na wa 6 nyasi zingali na unyevu. Moto unakuwa mdogo na miti inapona. Mwezi wa 9 moto huo huo unakuwa tanuru. Huko Ndola, Zambia, jaribio lililoanzishwa mwaka 1933 lilionyesha jambo hilo wazi: mahali palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, msitu uligeuka kuwa nyika ya majani. Tena huko Zambia, eneo la Kopa, utafiti uliotolewa mwaka 2002 ulieleza jinsi wenyeji wanavyochunguza mayai ya viwavi na kulinda pori lisichomwe kwa kuchelewa. Hawakungoja mradi wa wageni.

La pili ni namna ya kukata. Miti ya miombo inachipuka tena toka kisiki, mradi kisiki kisingolewe na machipukizi yasichomwe kila mwaka. Miti inayolisha viwavi karibu na vijiji ingeachwa kabisa.

Katiba ya Kongo, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na inamwekea pia wajibu wa kuyatetea. Viongozi wa jimbo na machifu wanaweza kukutana kabla ya mwezi wa 5 ili kupanga, kijiji kwa kijiji, siku ya moto na miti isiyoguswa. Wakichelewa, pori litaendelea kutoa makala kwa miaka michache, kisha halitatoa makala, wala viwavi, wala uyoga.