Makengeza si urembo: kidole na tochi vinaweza kumwokoa mtoto

Msomaji, kabla hujaendelea, fanya jaribio dogo. Shika gazeti hili bila kulitikisa, kisha tikisa kichwa kushoto na kulia kwa haraka huku ukisoma. Bado unasoma. Sasa tuliza kichwa, ulitikise gazeti kwa kasi ile ile. Maneno yanavurugika.

Tofauti hiyo inaletwa na sikio la ndani. Kichwa kinapogeuka, sikio linaujulisha ubongo, na ndani ya sehemu kama moja ya mia ya sekunde macho yanageuzwa upande wa pili ili picha isitikisike. Ndiyo maana abiria wa bodaboda anayerushwarushwa na barabara ya vumbi wilayani Ngara bado anaweza kusoma kibao cha kuelekea Kabanga, mpakani na Burundi.

Huo ni mfumo mmoja tu. Upo mwingine wa kuyarusha macho kutoka kitu kimoja hadi kingine, kama unavyofanya sasa ukihama neno hadi neno. Upo wa kufuata kitu kinachotembea, na upo wa kuyakutanisha macho yote mawili kwenye kitu kilicho karibu. Kazi yote hiyo inafanywa na misuli sita katika kila jicho, inayoongozwa na mishipa mitatu ya fahamu itokayo ubongoni. Msuli, mshipa au sehemu ya ubongo inayohusika ikipata hitilafu, mwendo wa macho unabadilika.

Sasa tuseme yupo mama wa Kabanga mwenye mtoto wa miaka mitatu, jicho moja limegeukia puani. Majirani watamwambia asihangaike, akikua litanyooka. Wengine watamsifia kwamba makengeza ni urembo. Maneno hayo yana nia njema, lakini yanapofusha.

Macho ya mtoto mchanga huweza kupotea-potea katika miezi ya mwanzo. Baada ya miezi minne hivi, jicho linalogeuka si la kusubiriwa. Macho yakitazama pande mbili tofauti, ubongo wa mtoto huipuuza picha ya jicho moja, na jicho hilo halijifunzi kuona. Linakuwa jicho vivu. Likiwahiwa, miwani, kuziba jicho zima kwa saa kadhaa kwa siku, au upasuaji vinaweza kulisaidia. Mtoto akishapita miaka saba au minane kazi inakuwa ngumu zaidi, hata kama jicho litanyooshwa. Samaki mkunje angali mbichi.

Lipo la kutisha zaidi. Mara nyingine makengeza ni dalili ya saratani ya jicho, ambayo huwapata zaidi watoto chini ya miaka mitano. Ukiona weupe ndani ya mboni, hata kwenye picha iliyopigwa kwa simu, usingoje kesho.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mhudumu anamulika tochi mbele ya uso wa mtoto kwa umbali wa kama mkono mmoja na kuangalia mng'ao wake. Katika macho yaliyonyooka, nukta ya mwanga inakaa mahali pamoja katika mboni zote mbili. Kisha anaziba jicho moja na kutazama lile lililobaki: likisogea ili kukishika kitu, halikuwa limenyooka. Mwisho anamwomba mtoto afuate kidole au kichezeo kulia, kushoto, juu na chini bila kugeuza kichwa, aone kama jicho lolote linakwama. Yote hayo ni dakika chache.

Kwa mtu mzima, kidole hicho hicho kinaweza kuokoa uhai. Dereva wa lori aliyefika Kabanga akaanza ghafla kuona mistari ya barabara ikiwa miwili asikimbilie kununua miwani. Huenda ni kisukari, presha au kiharusi. Kope ikilegea ghafla, mboni ikapanuka na kichwa kikauma kuliko kawaida, hiyo ni dharura, maana mshipa wa damu ubongoni unaweza kuwa umevimba na uko karibu kupasuka. Kizunguzungu nacho tumezoea kukisingizia malaria. Macho yakichezacheza kuelekea kulia mgonjwa anapotazama kulia, na kushoto anapotazama kushoto, ubongo uchunguzwe. Na mnywaji wa kila siku asiyekula vizuri, akianza kuyumba na kuchanganyikiwa huku macho yakishindwa kwenda pembeni, huenda amepungukiwa vitamini B1. Sindano ya vitamini hiyo ikiwahi, inaweza kumwokoa.

Kutoka Kabanga hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni safari ndefu ya kupita Biharamulo na Geita. Nauli yake inaweza kuwa mbuzi aliyeuzwa. Ndiyo maana kipimo cha kwanza lazima kifanyike karibu na nyumbani, ili anayehitaji rufaa aende mapema na asiyehitaji asiuze mbuzi wake bure.

Fursa tunayo. Watoto wetu hupelekwa kliniki kupimwa uzito. Waganga wafawidhi wahakikishe kwamba siku hiyo kila mtoto anamulikwa macho, na matokeo yanaandikwa kwenye kadi. Halmashauri zihakikishe tochi na betri havikosekani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba, wafundishwe kulitambua jicho lililogeuka.

Nawe mzazi, usisubiri kuulizwa. Ukifika kliniki sema: "Naomba mnipimie mtoto macho." Huduma kwa walio chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali imesamehewa malipo kisera, kwa hiyo unadai haki ya mwanao. Mtoto hajui kwamba jicho lake moja halioni, maana hajawahi kuona kwa namna nyingine. Wa kugundua ni sisi wakubwa, na muda wenyewe ni mfupi.