Mbale Ikigawanywa kwa Milioni 45

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo na kuingia Mbale. Watu zaidi ya 20 walifariki. Baada ya mazishi, vifo vya aina hiyo hubaki na safari moja zaidi: huingia katika kiashiria cha Malengo ya Maendeleo Endelevu kinachohesabu waliokufa, waliopotea na walioathiriwa na majanga kwa kila watu 100,000. Gawanya vifo vya Mbale kwa wananchi wapatao milioni 45 wa Uganda. Utapata kama sehemu moja ya ishirini ya mtu kwa kila laki. Rudisha hesabu hiyohiyo Mbale penyewe, jiji lisilotimiza watu laki tatu, na uwiano unapaa zaidi ya mara mia na hamsini. Hakuna aliyedanganya, ila kwa hesabu ya kwanza msiba umeyeyuka.

Malengo hayo 17 yalipitishwa na Umoja wa Mataifa Septemba 2015, na mwisho wake ni 2030. Uganda haikujificha: ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuwasilisha ripoti ya hiari mwaka 2016, ikarudia 2020 na 2024. Swali langu ni nani ananufaika na namba hizo zikishasomwa New York.

Tuteremke Jinja. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954. Baadaye likaja Kiira, na mwaka 2012 Bujagali yenye megawati 250. Hata hivyo, zipo kaya za Busoga, kanda ya Jinja, ambazo nyaya huzipita juu ya paa bila kushuka. Penye miti hapana wajenzi. Kiashiria cha umeme nacho kina uchochoro wake. Utafiti wa kaya wa 2019/20 ulionyesha kuwa kaya zaidi ya nusu nchini zina umeme wa aina fulani, lakini zilizounganishwa na gridi zilikuwa karibu moja ya tano tu. Zilizobaki zilitegemea zaidi sola, nyingine ndogo tu, za kuwasha taa na kuchaji simu. Taa hiyo si haba kwa mtoto anayesoma usiku, lakini haisagi mahindi wala haichomelei geti. Kuiweka kapu moja na umeme wa kiwandani ni kuficha kilicho muhimu kuliko vyote: umeme huo unafanya kazi gani.

Watetezi wa vipimo hivi wana hoja nzito. Bila kipimo cha pamoja, kila serikali ingejisahihishia mtihani wake. Tafiti za afya zilizokuta vifo vya uzazi 336 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2016 ndizo zilizokuta 189 mwaka 2022. Tusingehesabu, tusingejua hatua hiyo, wala umbali uliobaki. Vilevile tafiti za kaya hupanga sampuli ziwakilishe kanda kama Busoga na Bugisu, kanda ya Mbale. Kuzishusha hadi mtaani kunadai sampuli kubwa, na sampuli ni fedha ambayo ingeweza kununua dawa.

Kwa hiyo sidai viashiria vyote zaidi ya 200 vipimwe kila mtaa. Jinja na Mbale zimekuwa majiji tangu Julai 2020, na jiji linaloweza kukusanya kodi ya soko linaweza kuhesabu mambo machache. Sensa ya 2024 tayari ilibisha hodi kila mlango; takwimu zake zichambuliwe kwa kila divisheni, zibandikwe mahali watu wanapita, kwa Lusoga na Lumasaba, na kila namba iambatane na maelezo ya kilichohesabiwa. Umeme uandikwe ni wa gridi au wa sola. Maji yaandikwe ni ya bomba la nyumbani au la jirani.

Na Mbale iongeze kipimo chake kimoja. Kiashiria cha dunia huhesabu wafu na walioathiriwa, yaani huanza kazi maji yakishapita. Jiji lihesabu nyumba zilizo ukingoni mwa Nabuyonga, na lihesabu tena mwaka ujao, kabla mvua ya Mlima Masaba haijateremka.