Kwanza sumu iondoke

Tumbusi wanapungua Uganda, na sasa kuna wanaosema tuwazalishe bandani kisha tuwaachie porini. Sawa jamani, lakini huko watakula nini? Machi 2021, kule Ishasha katika hifadhi ya Queen Elizabeth, simba 6 walikutwa wamekufa, kando yao tumbusi 8. Sumu ndiyo ilishukiwa.

Wengine hapa Ntinda wanasema waache waishe, ni ndege wa jalala tu. Hapana! Tumbusi anamaliza mzoga kabla haujaeneza magonjwa, na hadai mshahara. Ila anataga yai 1 tu kwa msimu. Sumu ya siku moja inafuta kazi ya miaka.

Mwaka 2018 simba 11 walikufa karibu na Hamukungu, ikasemekana ni hasira ya ng'ombe walioliwa. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inataka mwenye hasara alipwe fidia. Basi alipwe, tena haraka, maana tumbo la watoto wake halingoji mafaili.

Sisi wakimbizi tunalijua hili: hurudishwi nyumbani wakati kilichokufukuza bado kipo mlangoni. Ndege naye ni hivyo hivyo. Ondoeni sumu kwanza, halafu ndiyo tuongee habari za kurudi.