Aliyepoteza karte vitani, tumuombe tena karte?

Mama mmoja aliyekimbia Goma mwanzoni mwa 2025 amepangisha chumba hapa kwetu, komini ya Katuba. Karte yake ya kupigia kura ilipotea njiani. Alipokwenda kuomba cheti cha kupoteza vitambulisho, aliambiwa alete fotokopi ya karte iliyopotea. Fotokopi hana. Foto ya karte ilikuwa ndani ya simu, na simu iliibiwa. Anataka kurudisha namba yake, maana hapo ndipo ndugu zake walikuwa wanamtumia pesa. Wakala naye anamuomba karte.

Nimemuuliza afisa mmoja, mtu mwenye adabu, fotokopi hiyo itatoka wapi. Akanijibu: «Ndivyo tunavyofanya.»

Tukumbuke karte hii ni kitu gani. Ni ya uchaguzi, lakini ndiyo tunayotumia kama kitambulisho, kwa sababu kingine raia wa kawaida hana. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilikuwa 1984. Mwezi wa sita 2023 Rais Tshisekedi alizindua kitambulisho cha taifa; mwezi wa nane 2024 serkali ikavunja mkataba na makampuni yaliyopaswa kukitengeneza. Kwa hiyo tumebaki na CENI, ambayo kazi yake ni kura. Uchaguzi ukipita, mtu aliyepoteza karte anabaki na karatasi ya komini, ambayo kila askari wa barabarani anaisoma anavyotaka.

Lakini CENI inaweza kusaidia, tumeiona. Karte nyingi za 2023 zilifutika, jina na sura vikapotea (ya kwangu ilibaki nyeupe kama karatasi ya daftari). Kabla ya kura ya 20 Desemba 2023 watu walipanga mstari, wakapewa duplikata. Maana yake majina, foto na alama za vidole viko kwenye mashine. Kwa nini dirisha hilo lifunguliwe tu wakati wagombea wanahitaji kura zetu? Ofisi ya CENI ya mkoa iko hapa Lubumbashi. Iweke siku moja tu kwa juma kwa waliokimbia vita: mtu aweke kidole, apewe karte yake.

Wako ambao mashine haitawapata. Masisi na Rutshuru, uandikishaji wa 2023 haukufanyika sababu ya vita. Hao komini iwapokee kwa mashahidi: mzee wa kwao, mwalimu, karatasi ya ubatizo, kadi ya kliniki ya mtoto.

Najua wengine watasema tutawapa wageni uraia wa Kongo. Hofu hiyo siichezei, vita hii imetufundisha mengi. Lakini fotokopi inatengenezwa kwa franga chache kwenye kona yoyote ya mji. Kidole hakitengenezwi. Na cheti cha kupoteza hakimpi mtu uraia, kinasema tu kwamba alikuja kutangaza kitu kilichopotea.

Tena bei. Kila mtu niliyezungumza naye alilipa yake, na ya matabishi sihesabu. Wakuu wa komini wabandike bei ukutani, na familia zilizokimbia, zitoke Kivu au upande wa Mitwaba na Pweto, zisilipe kitu. Kifungu cha 30 cha Katiba kinampa kila mtu aliye nchini haki ya kutembea na kukaa atakapo. Haki hiyo inaishia barrière ya kwanza kama huna karatasi.

Kwa sasa, wenye shida hii waanze kwa shefu wa kartie. Mwenye lupango awasindikize, aseme kwamba wanakaa kwake. Wakipata cheti, wapige fotokopi tatu na kuacha moja kwa ndugu anayeaminika.

Yule mama wa Katuba ameambiwa arudi Jumatatu. Nitakwenda naye.