Ziwa Likifungwa, Daftari Lisifungwe

Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili dagaa na migebuka wapate kuzaana. Mengi yalisemwa juu ya samaki na nyavu. Juu ya vitabu vya hesabu hatukusikia mengi. Hali mvuvi wa Katonga au Kibirizi, Kigoma, aliyekopa kwenye SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, akanunua injini hana chanzo kingine cha marejesho ila ziwa lenyewe. Mwaka ukiisha, mhasibu wa chama hana budi kuandika tarakimu moja mbele ya mkopo ule: utalipwa wote, nusu, au ndiyo umekwenda? Hapo ndipo taaluma ya uhasibu inapopimwa, wala si katika kujumlisha.

Katika mwaka wa neema mhasibu huandika zaidi yaliyokwisha kutokea. Mwaka wa mashaka humlazimisha akadirie yajayo, na makadirio ni maficho mazuri ya uongo, kwa kuwa hayahitaji risiti ya kughushi. Mfanyabiashara wa Kigoma anayepeleka bidhaa Bujumbura kwa mkopo anadai faranga za Burundi, ambazo bei yake ya benki ni moja na ya mitaani ni nyingine. Akitumia ile inayompendeza, amepata faida bila kuuza kitu. Ziwa nalo lilipanda miaka michache iliyopita likaingia katika majengo ya ufukweni. Ghala lililowekwa rehani kabla ya maji hayo, je, lina thamani ileile? Mwenye ghala atasema ndiyo. Mkaguzi asimwamini kwa neno tu.

Ninachodai ni kwamba miaka kama hii mhasibu na mkaguzi waseme mashaka yao mapema, tena kwa maandishi. Wapo watakaojibu kuwa chama kidogo huishi kwa imani: likitajwa neno la shaka, wanachama watakimbilia akiba zao, na chama kitakufa kwa kalamu ya mkaguzi. Hoja hii si ya kupuuzwa. Kenya, mwezi Aprili 2016, Chase Bank ilitoa upya hesabu zake zikiwa na mikopo ya watu wa ndani mikubwa kuliko ilivyoonyeshwa awali. Wenye amana wakamiminika kutoa fedha, na tarehe 7 Benki Kuu ikaiweka chini ya mrasimu. Lakini mikopo ile haikutolewa na mkaguzi. Fedha zilikwisha kutoka siku nyingi, na kila mwezi wa ukimya uliwaongeza wateja wapya katika hasara wasiyoijua. Hata viwango vya kimataifa vya hesabu, ambavyo Tanzania ilivipokea mwaka 2004, vilibadilishwa baada ya msukosuko wa mwaka 2008: tangu 2018 benki hazingoji mkopo ufe ndipo ziuandikie hasara, bali hukadiria hasara tangu siku ya kukopesha. Vyama vidogo vinaweza kuwa na kanuni nyepesi zaidi, ila busara ni hiyohiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la woga, na hili sina jibu jepesi. Hapa Tanzania Profesa Mussa Assad, akiwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alizungumzia udhaifu wa Bunge. Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye, na Novemba akawa nje ya ofisi. Mahakama Kuu ilisema mwezi Desemba 2022 kuwa kuondolewa kwake kulikiuka Katiba, lakini kiti kilikwisha kupata mwingine. Ikiwa aliyelindwa na Ibara ya 144 yalimkuta hayo, mhasibu wa chama cha Ujiji afanye nini, ambaye ajira yake imo mikononi mwa mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye mdaiwa mkubwa? Kumwambia awe jasiri peke yake ni kumtuma vitani na fimbo.

Kwa hiyo mzigo uwarudie wanachama, ambao ndio wenye fedha. Lipo Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, tangu mwaka 1982, na ipo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ya kumwajibisha mtaalamu aliyekiuka maadili. Vyombo hivi havitusaidii tukiipokea hati safi kama cheti cha uaminifu. Hati safi husema hesabu zimeandikwa inavyotakiwa kwa mambo yote ya msingi. Haisemi chama kina afya, wala kwamba viongozi wametumia fedha kwa busara. Chama kinaweza kuwa na hati safi na hasara kubwa katika kitabu kilekile. Basi katika mkutano mkuu, kabla ya kuuliza tumepata hati gani, mwanachama aombe kusomewa jumla ya mikopo iliyopita siku tisini bila marejesho, na kati yake kiasi kilichokopwa na wajumbe wa bodi. Isomwe kabla ya gawio kupitishwa, na maswali yaandikwe kwenye muhtasari ili mkaguzi wa mwaka ujao ayakute.