Mbabula isilale na watoto

Jiko la nyumba yetu ya zamani ya mbao, hapa Goma, lilikuwa linavuja. Kila mvua iliponyesha tulipikia chumbani. Hiyo ni hatari: makala yanayowaka hutoa sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua watoto usingizini.

Juma hili tumelitengeneza jiko wenyewe. Tulibadilisha mabati mawili yaliyoliwa na kutu. Chini ya mbabula tulipanga mawe ya volkano. Mbao zilizo karibu na moto tulizikinga kwa bati, tukiacha nafasi kidogo nyuma yake ili joto lisizifikie. Juu ukutani tulikata dirisha la moshi.

Sasa mbabula yetu inalala jikoni. Yako, mama, inalala wapi?